Umelala njia nzima, mbona umefika hoi?

Tangu mwaka 2023, mabasi ya mikoani yaliporuhusiwa tena kutembea usiku baada ya marufuku ya tangu miaka ya 1990, kuna hesabu inayopigwa sana pale stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Panda basi la usiku, lala njiani, alfajiri uko Dodoma, unaoga kwa shemeji, saa mbili na nusu umekaa kwenye benchi unasubiri kuitwa kwenye usaili. Umeokoa siku nzima na hela ya gesti. Hesabu ni nzuri mpaka saa nne asubuhi, mtu anapoulizwa swali la pili na kujikuta amelisahau la kwanza.

Akirudi mjini atasema ana jetilegi. Aliyetoka Mwanza kwa basi naye atasema ana jetilegi, aliyetoka Makka kuhiji hali kadhalika, na mfanyabiashara wa Kariakoo aliyefuata mzigo Guangzhou vilevile. Kati ya hao wanne ni mmoja tu mwenye jetilegi, naye ni huyo wa Guangzhou. Wengine wana tatizo jingine, lenye dawa nyingine, na ndiyo maana ushauri unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp unamfaa mmoja na kumharibia mwingine.

Tuanze na maana. Uchovu wa safari ni ule unaoletwa na safari yenyewe: kukaa mkao mmoja kwa saa nyingi, kelele, joto au baridi ya kiyoyozi, kula ovyo, kunywa maji kidogo, kulala kwa vipandevipande. Unaweza kuupata hata ukienda Morogoro tu, foleni ikikunasa Kibaha. Jetilegi huja pale unapovuka majira ya saa kwa haraka kuliko mwili unavyoweza kujirekebisha, ukafika mahali saa ya ukutani inasema ni usiku na mwili unasema ndiyo kwanza jioni. Tanzania nzima inafuata saa ileile. Basi la ndani ya nchi, hata likufikishe Kigoma ambako jua huchomoza kama dakika 40 nyuma ya Dar, haliwezi kukupa jetilegi.

Na hujaji wetu je? Saudi Arabia inatumia saa zilezile za Afrika Mashariki. Zaidi ya hapo, Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja ya Dar es Salaam, hivyo hata jua la mchana linafika utosini kwa wakati unaokaribiana. Alichorudi nacho ni uchovu wa joto, umati, kutembea na kuamka usiku wa manane. Anahitaji kupumzika na kunywa maji, na saa ya mwili wake haina la kurekebisha. Vivyo hivyo aliyekwenda Dubai, tofauti ni saa moja tu. Akirudi hoi, kilichomchosha ni ndege ya usiku na mabegi.

Ili kuona tofauti hizi zinatoka wapi, inabidi kujua usingizi unaitwa na nini. Wanaouita ni wawili. Wa kwanza tumwite uzito wa usingizi. Kila saa unayokuwa macho, kemikali inayoitwa adenosini hujikusanya kwenye ubongo, na kadiri inavyozidi ndivyo kope zinavyokuwa nzito. Ukilala, inapungua. Wa pili ni saa ya mwili, kikundi kidogo cha seli ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana. Hiki ndicho kinachopanga joto la mwili lishuke lini, homoni ya melatonini itoke lini na uchangamke lini. Kinarekebishwa hasa na mwanga unaoingia machoni, na hakina habari na ulivyochoka. Wanasayansi watatu wa Marekani walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017 kwa kuonyesha jinsi saa ya namna hii inavyofanya kazi ndani ya seli.

Wavuvi wa Feri wanaijua hali hii kwa sura nyingine. Chombo kinaweza kuwa na mabaharia wote, nyavu na barafu, lakini kama maji yamekupwa kimekaa mchangani. Na maji yakijaa huku mabaharia hawajafika, kinaelea tu. Uchovu wako ni mabaharia, saa ya mwili ni maji. Usingizi mzuri unataka vyote viwili vikutane, na safari ina tabia ya kuvipishanisha.

Sasa turudi kwenye basi, maana hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Usingizi una hatua zake, unazunguka kutoka mwepesi kwenda mzito kisha wa ndoto, mzunguko mmoja ukichukua kama dakika 90. Ule mzito, unaoupumzisha mwili zaidi, hutawala nusu ya kwanza ya usiku. Wa ndoto huzidi kuelekea alfajiri. Wakati wa ndoto nyingi misuli ya mwili hulegea karibu yote, na kama uko kitandani hiyo si shida. Kama umekaa wima kwenye siti, shingo inaanguka, unashtuka, unajifuta mdomo, unamwomba radhi jirani, unaanza upya na usingizi mwepesi. Fanya hivyo usiku kucha halafu uniambie umelala.

Hata bila kushtuka hivyo, kila tuta linakuvuta juu kidogo. Abiria wa Mbeya anayavuka matuta ya barabara inayokatiza hifadhi ya Mikumi, kisha kona za Kitonga, na kati yake basi linasimama mizani na kwenye vituo vya kula. Vijishtuko vingi kati ya hivyo ni vya sekunde chache na asubuhi huvikumbuki. Ndiyo maana mtu anaapa kabisa kwamba alilala njia nzima: anakumbuka usingizi, hakumbuki ulivyokatwakatwa.

Ajabu ni kwamba mwendo wenyewe si adui. Watafiti wa Geneva, Uswisi, waliwalaza watu kwenye kitanda kinachobembea polepole wakaona wanashikwa na usingizi haraka na wanazama zaidi. Mama yeyote aliyewahi kumbeba mtoto mgongoni hakuhitaji utafiti huo. Kinachoharibu ni mwendo wa kushtukiza: breki, tuta, kona. Reli ya kisasa ya SGR, iliyoanza kupeleka abiria Dodoma mwaka 2024, ina mwendo laini kuliko barabara, ila safari yake ni ya saa tatu na nusu hadi nne hivi, ya kusinzia kidogo tu. Kwa mwenye usaili, mimi ningemshauri atumie nauli ya treni ya jana yake na alale Dodoma kitandani, hata kama ni kwenye godoro la sebuleni kwa shemeji.

Kama ni lazima basi la usiku, siti ina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Katikati ya basi, kati ya tairi za mbele na za nyuma, mtikisiko ni mdogo. Siti za nyuma kabisa, zinazobaki mwisho kwa sababu zake, hurusha. Dirishani kuna pa kuegemeza kichwa na hakuna wa kukuruka akitaka kushuka. Laza kiti kadiri aliye nyuma yako anavyovumilia, mkanda ukiwa umefungwa, na shingo uizibe pande zote mbili kwa sweta lililoviringishwa. Mto wa shingo wa dukani unafanya kazi hiyohiyo kwa bei zaidi.

Giza na ukimya utajitengenezea mwenyewe. Mtandio au leso juu ya macho, vizibo vya masikio vya sponji, kwa sababu konda akiamua kuweka filamu ya mapigano au singeli saa sita usiku hatakuuliza. Halafu kuna miguu. Mwili unapojiandaa kulala hupeleka damu kwenye mikono na miguu ili joto la ndani litoke, na watafiti wa Basel, pia wa Uswisi, walionyesha mwaka 1999 kwamba miguu yenye joto ni dalili nzuri ya mtu atakayelala upesi. Mtu wa Dar anapanda basi na ndala na fulana kwa sababu Mbezi kuna joto, na saa nane usiku yuko Iringa na kiyoyozi kinampuliza magotini. Soksi na kanga moja vingemfaa kuliko kidonge.

Kuhusu maji, wengi hawanywi kabisa kwa hofu kwamba dereva atagoma kusimama wachimbe dawa. Kunywa vizuri mchana kutwa, punguza saa mbili za mwisho kabla ya kuondoka, kisha piga funda dogodogo njiani. Kukaukiwa kunaleta kichwa kuuma na midomo kupasuka, na asubuhi utadhani ni usingizi tu uliopungua.

Kuna kitu kingine kinachomsumbua msafiri, nacho kinamfuata hadi kwenye kitanda kizuri: ulinzi. Ubongo ukiwa ugenini haulali wote. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, waliwapima watu waliolala maabara kwa mara ya kwanza, wakakuta upande wa kushoto wa ubongo unalala kwa wepesi zaidi na unaitika upesi kwa sauti ngeni. Watu walewale walipolala tena hapo siku nyingine, tofauti hiyo ilitoweka. Kwa hiyo ukigeukageuka usiku wa kwanza gesti, hujarogwa na godoro halina lawama. Ubongo unakulinda, kwa desturi ya zamani kuliko gesti zote.

Ukilijua hilo unaweza kuupunguzia kazi. Pesa na simu viwe mwilini au mahali ambapo huhitaji kupapasa kila nusu saa. Mtu aliyelalia begi la hela analinda, halali. Omba chumba cha nyuma, mbali na baa na mapokezi. Funga mlango, hakikisha mara moja, basi. Lete foronya yako au kanga unayojifunika nyumbani, harufu unayoijua inasaidia kuutuliza ubongo. Na kama kuna jambo kubwa, usaili, mtihani, harusi ambayo wewe ndiye mshenga, fika siku mbili kabla ukiweza, ili usiku wa kwanza ubebe usumbufu wake na wa pili ulale.

Mgeni anayeshukia Dar kutoka nyanda za juu ana kesi yake ya ziada, kwa sababu usiku wetu wa Januari joto haliteremki kirahisi, na mwili unahitaji kupoa ili ulale. Oga maji ya vuguvugu au ya kawaida kabla ya kulala, feni ipulize kwa mbali, shuka jepesi, na chandarua usikitoe eti kinazuia upepo. Anayekwenda Njombe au Makete mwezi wa saba ana kazi rahisi zaidi. Hewa ya baridi inasaidia usingizi, mradi miguu imefunikwa.

Sasa vile vitu ambavyo watu huvitumia kama dawa. Kahawa na chai, na vile vinywaji vya kuongeza nguvu, vinafanya kazi kwa kuikalia nafasi ya adenosini. Uchovu unabaki palepale, wewe tu huusikii. Kafeini inachukua kama saa tano kupungua nusu, na kwa wengine zaidi. Kikombe cha kahawa chungu na kashata ulichokunywa kijiweni saa kumi na mbili jioni, saa tano usiku nusu yake bado iko kazini. Wapo wanaosema, "Mimi nakunywa na nalala vizuri tu." Inawezekana unalala, ila usingizi wako ni mwepesi kuliko ambavyo ungekuwa.

Pombe nayo ina sifa isiyoistahili. Ni kweli bia mbili zinaleta usingizi haraka. Zikishavunjwavunjwa mwilini, nusu ya pili ya usiku inakatika, ndoto zinapungua, unaamka na kiu na kibofu. Kwa anayekoroma ni mbaya zaidi, koo linalegea na pumzi inakwama.

Halafu piritoni. Hiki ni kidonge cha mzio na mafua, kusinzia ni athari yake ya pembeni, na athari hiyo haijui kwamba unashuka basi saa kumi na moja alfajiri. Unafika na mdomo mkavu na kichwa kizito. Vidonge vya usingizi vya kweli ni suala la daktari, na ndani ya ndege ndefu vina hatari ya pekee: mtu aliyelala fofofo bila kusogeza miguu kwa saa nyingi anajiongezea uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya mguu. Hatari hiyo huanza kupanda safari inapozidi saa nne, kwa ndege, basi au gari.

Tufike kwa mtu wa Guangzhou, ambaye kesi yake inahitaji utulivu. China yote inafuata saa ileile, iliyo mbele ya yetu kwa saa tano. Ikiwa saa nne usiku kule, mwili wa mtu wa Kariakoo uko saa kumi na moja jioni, ndiyo kwanza anafikiria foleni ya kurudi nyumbani. Hawezi kulala, maji yamekupwa. Ikifika saa kumi na mbili asubuhi ya kule, mwili uko saa saba usiku. Kengele inalia katikati ya usingizi wake mzito.

Kwa kawaida saa ya mwili husogea kama saa moja kwa siku, kwa hiyo tofauti ya saa tano huchukua takriban siku tano. Kwenda mashariki ni kugumu kuliko magharibi, kwa sababu saa ya mwili ya binadamu wengi ina mzunguko mrefu kidogo kuliko saa 24. Kuchelewa kulala ni rahisi kwake, kuwahi ndiyo shida. Anayekwenda London, nyuma yetu kwa saa mbili au tatu kulingana na msimu, atasinzia mapema jioni na kuamka usiku wa manane kwa siku chache, basi.

Dawa kuu ni mwanga, lakini kwa wakati wake, na hapa ndipo ule ushauri wa "ukifika tu toka nje upate jua" unapomharibia mtu. Joto la mwili hushuka hadi chini kabisa saa mbili au tatu hivi kabla ya muda uliozoea kuamka. Mwanga mkali kabla ya wakati huo huisogeza saa ya mwili nyuma, baada yake huisogeza mbele. Kwa mtu anayeamka Dar saa kumi na moja na nusu alfajiri, wakati huo ni kama saa tisa usiku, ambayo Guangzhou ni saa mbili asubuhi. Akitoka kwenye jua kali saa moja asubuhi siku ya kwanza, anaisukuma saa yake upande usiotakiwa. Avae miwani myeusi au abaki ndani mpaka saa tatu, kisha ajae tele juani hadi adhuhuri. Siku zinazofuata asogeze mapema kwa saa moja moja.

Maandalizi yanaweza kuanzia nyumbani. Siku tatu kabla ya kuondoka, lala na uamke mapema kwa nusu saa au saa moja kila siku. Ukipanda ndege, badilisha saa ya mkononi na ule kwa ratiba ya kule. Ndani ya ndege hewa ni kavu na shinikizo lake ni kama uko mita 1,800 hadi 2,400 juu ya bahari, hivyo kunywa maji na inuka utembee kidogo kila baada ya muda. Melatonini kwa kipimo kidogo karibu na muda wa kulala wa ugenini inawasaidia wengi wanaovuka majira matano au zaidi kuelekea mashariki. Muulize mfamasia kwanza kama unatumia dawa za presha, za kifafa au za kuyeyusha damu.

Na kama unakwenda kwa siku mbili au tatu tu, usihangaike kuibadilisha saa ya mwili. Weka miadi mchana wa huko. Saa nane mchana Guangzhou ni saa tatu asubuhi Dar, muda ambao mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo yuko macho kweli na hesabu zake ziko kichwani.

Neno kwa wanaoendesha wenyewe, hasa Desemba barabara ya Moshi inapojaa. Saa ya mwili ina vipindi viwili vya kuteremka: kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na kidogo tena saa saba hadi saa tisa mchana. Mtu aliyekaa macho saa 17 huchelewa kuitika karibu sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Ukisinzia sekunde tatu kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari limekwenda zaidi ya mita 60 bila dereva. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio hakusaidii kwa zaidi ya dakika chache. Egesha mahali salama, kunywa kahawa, lala dakika 20 papo hapo; kafeini itaanza kazi unapoamka. Usizidishe sana, la sivyo utaamka kutoka usingizi mzito ukiwa mzembe kuliko ulivyolala.

Uchovu wa safari hupona kwa usiku mmoja au miwili ya kitanda chako, jetilegi kwa siku kadhaa. Ukipita hapo bado hulali, au watu wa nyumbani wanasema unakoroma na pumzi inasimama, nenda hospitali. Mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya safari ndefu, au kifua kikabana, nenda siku hiyohiyo. Na ukirudi Dar kutoka mikoa ya kanda ya ziwa au Kigoma na uchovu wenye homa au kutetemeka, pima malaria kabla ya kuisingizia safari.